Kwani nimeondoka?

Bahasha ilinifikia Jumatatu asubuhi. Ndani mlikuwa na barua zetu wenyewe mbili, zimebanwa pamoja kwa klipu. Ya kwanza ilimshukuru mama mmoja kwa kununua meza ya watu kumi kwenye hafla yetu ya kila mwaka ya kuchangisha fedha. Ya pili, iliyotoka siku tatu baadaye, ilimwarifu kwamba uanachama wake umekwisha muda na kwamba tungefurahi sana akirudi. Sahihi zilikuwa za mkurugenzi yuleyule. Pembeni mwa ile ya pili aliandika kwa wino wa bluu, ule mwandiko wa kulala wa watu waliosoma zamani: "Kwani nimeondoka?"

Barua zote mbili nilizitoa mimi. Nilikuwa na miezi minne tu katika idara ya uchangishaji ya taasisi ndogo ya sanaa za maonyesho huko Marekani, yenye ukumbi mmoja na madeni ya kawaida. Kazi yangu ilikuwa kuingiza michango kwenye kompyuta, kuchapa risiti, na kutuma barua za kuwakumbusha wanachama walipe tena. Nilidhani nimepata kazi ya kukaa kitako na kubofya.

Nilipofuatilia mambo yalivyotokea, sikupata mzembe wa kumlaumu, na hilo ndilo lililonitisha. Uanachama tuliuweka kwenye programu moja. Hafla ilikuwa na programu yake nyingine, ya kukodi, iliyojua kuuza tikiti, kupanga meza na kuendesha mnada. Baada ya hafla, mwenzangu wa matukio alinipa jedwali la majina, nami nikaliingiza kwa siku mbili. Meza ya yule mama ililipwa kwa hundi ya kampuni ya familia, hivyo kompyuta ikafungua mfadhili mpya, kampuni, na kumwacha mwenyewe vilevile alivyokuwa: mwanachama wa miaka kumi na mmoja ambaye safari hii hajalipa. Yeye hakulipa kwa sababu alijua ameshalipa. Kichwani mwake kulikuwa na nyumba moja aliyoipenda na mkoba mmoja aliotoa fedha. Sisi ndio tuliokuwa na nyumba mbili.

Meza ilikuwa dola 10,000. Uanachama wake wa kila mwaka ulikuwa dola 1,500. Nilimwandikia aliyetupa mchango mkubwa kuliko yote ya maisha yake kwetu kwamba tungependa arudi.

Nilipeleka bahasha kwa mhasibu wetu, mzee aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, nikidhani ataniambia namna ya kuunganisha majina mawili kwenye kompyuta. Hakuitazama kompyuta. Aliuliza, "Kwenye hizi elfu kumi, amenunua nini na ametoa nini?"

Sikuelewa swali. Ametoa elfu kumi, si ndiyo?

Siyo. Kila kiti mezani kilikuja na chakula, vinywaji na onyesho fupi. Tulikisia kwamba mtu angevinunua vitu hivyo mahali pengine kwa dola 180 hivi. Viti kumi ni 1,800. Hizo amenunua. Zinazobaki, 8,200, ndizo alizotoa, na ni hizo tu zinazoweza kuombewa nafuu ya kodi. Sheria ya Marekani, tangu mwanzo wa mwaka 1994, inataka taasisi ya hisani inayopokea zaidi ya dola 75 na kumpa mtoaji kitu kwa malipo hayo, imwandikie wazi: thamani ya ulichopata ni hii, mchango wako ni unaozidi hapo. Na mchango ukifika dola 250, mtoaji hawezi kuuombea nafuu bila kuwa na maandishi kutoka kwetu. Barua yangu nzuri ya shukrani ilisema "kwa mchango wako wa dola 10,000". Ilikuwa na kosa kabla hata ile ya pili haijaandikwa.

Tukazitoa risiti zote za hafla ile faili kwa faili. Nilipofika kwenye thamani ya chakula, nikaona niliyemrithi kazi aliandika sifuri mwaka uliotangulia, kwa sababu mpishi alitupikia bure. Ilionekana ina mantiki. Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. Kinachohesabiwa ni thamani ya sokoni ya kile mgeni alichopata, wala hakuna anayeuliza kwetu kimegharimu kiasi gani. Mgeni amekula. Kwamba sisi tulipewa bure ni jambo la kati yetu na mpishi.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyenunua tikiti mbili, akaugua, hakuja. Alipiga simu akitaka risiti ya fedha yote, kwa kuwa hakuonja hata maji. Nilikuwa tayari kumwandikia, nilimwonea huruma. Nikazuiwa tena. Tikiti alikuwa nazo, na haki ya kuja alikuwa nayo. Kutozitumia hakubadilishi kitu. Ingekuwa tofauti kama siku ya kulipa angesema: sitaki tikiti, chukueni fedha. Tangu hapo fomu zetu za hafla zina kisanduku kimoja kidogo chini kabisa: "Sitahudhuria na sihitaji tikiti, pokeeni yote kama mchango." Sikutarajia mtu akiwekee alama. Wanakiwekea kila mwaka, na mara nyingi ni wale wale wasiopenda kuvaa suti.

Mnada nao ulinipa somo ambalo bado linaniuma kidogo, kwa kuwa lilimhusu msanii. Mchoraji mmoja kijana alitupa picha yake. Ukumbini watu wawili walishindana, bei ikapanda mara tatu ya tuliyoitarajia, watu wakasimama kupiga makofi. Wiki moja baadaye akaja ofisini na tabasamu, akitaka risiti yenye bei ile ya mnada. Nikamweleza mambo mawili, na kila moja lilimpunguzia tabasamu. Kwanza, sisi hatuandiki thamani ya kitu tulichopewa. Tunakieleza tu: picha moja, rangi ya mafuta, ukubwa huu, tumeipokea tarehe fulani. Pili, msanii anayetoa kazi ya mikono yake mwenyewe huko Marekani anahesabiwa gharama ya vifaa tu. Turubai, rangi, fremu. Miezi mitatu aliyosimama mbele ya ile picha haihesabiki popote. Mkusanyaji aliyeinunua kazi ileile na kuikalia miaka kadhaa, akiitoa kwa jumba la makumbusho linaloitumia kwa shughuli zake, anaweza kuhesabiwa thamani ya sokoni. Mchoraji alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi nimewapa turubai?" Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba sheria ile inalo. Lakini ningeweza kumwambia kabla hajatoa, badala ya baada. Sasa karatasi ya kuwaomba wasanii kazi za mnada inalisema hilo mstari wa pili, na tunampa msanii hiari ya kuchukua sehemu ya bei. Wengi huchukua. Mnada haujafa kwa sababu hiyo.

Aliyeshinda picha naye alitaka risiti ya bei nzima. Kwake ni ile hesabu ya meza: kinachozidi thamani ya sokoni tuliyoichapisha kwenye orodha kabla ya mnada ndicho mchango. Kama hatukuchapisha makisio, tunamwacha hewani.

Nikarudi kwenye uanachama, kwa sababu bahasha ya yule mama ilikuwa bado mezani kwangu.

Nilikuwa nikiamini uanachama ni kitu kimoja. Kwa kweli kuna wawili wanaotumia jina hilo. Yupo mwanachama wa ngazi ya chini, anayelipa ili aingie bure au kwa punguzo, anunue tikiti mapema na apate nafuu dukani. Huyu amefanya hesabu zake. Akija mara tatu, fedha yake imerudi. Halafu yupo wa ngazi za juu, anayelipa mara ishirini ya huyo na kupata karibu vitu vilevile, pamoja na jina lake kwenye kijitabu cha maonyesho na mwaliko wa mazoezi ya wazi. Huyu hanunui. Anatoa, na neno "uanachama" ni adabu tu ya kutoa.

Sheria yenyewe imeuona mpaka huo, japo kwa jicho moja. Uanachama wa mwaka wa dola 75 au chini ya hapo, wenye manufaa madogo ya mara kwa mara kama kuingia bure, maegesho au punguzo dukani, manufaa hayo yanapuuzwa. Malipo yote yanahesabiwa mchango. Ukipanda juu, tunatazama kila kitu tunachoahidi. Mfuko wa kitambaa wenye nembo hauna shida. Chakula cha jioni cha wafadhili kina shida, kwa sababu ni chakula. Na vitabu vya hesabu vinafuata njia yao: sehemu ambayo mwanachama ameinunua tunaihesabu kuwa mapato kidogo kidogo katika ile miezi kumi na miwili, na sehemu aliyoitoa tunaihesabu mara moja. Mhasibu alipenda sana kunieleza hili. Nitawaepushia.

Ugomvi wa kweli ulikuja tulipokaa sisi watatu, mimi, mwenzangu wa matukio na mkuu wetu wa idara, kujibu swali la yule mama. Je, aliyenunua meza ni mwanachama? Mwenzangu alisema ndiyo, mara moja, tena ngazi ya juu kabisa. Mtu ametoa elfu kumi, unamdai elfu moja na mia tano ya nini? Mkuu alisema hapana: hafla ni hafla, na ukianza kuwapa wote uanachama, mwakani hakuna atakayelipia. Nimekuja kujua kwamba taasisi nyingi za sanaa zimekwama kwenye kona hizi mbili, na kila moja inadhani ya mwenzake ni wazimu.

Mimi nilikuwa upande wa mwenzangu mpaka nilipojaribu kuandika risiti. Kama 8,200 za yule mama zinamletea pia uanachama wa ngazi ya juu, basi zinakuja na manufaa mengine, na manufaa hayo yana thamani, na thamani hiyo inatoka kwenye 8,200. Nikimpa zawadi ya uanachama, nimempunguzia mchango wake bila kumuuliza. Na risiti ilishatoka.

Tulikubaliana jambo la katikati, ambalo mpaka leo naona ni sawa. Sehemu ya mchango ya meza au tikiti inaingia kwenye jumla ya kutoa ya mtu yule, na jumla hiyo ndiyo inayoamua jina lake linaandikwa wapi kwenye kijitabu, kwa kuwa jina kwenye kijitabu si bidhaa. Manufaa ya uanachama hayajiwashi yenyewe. Lakini hakuna barua ya kumdai mtu aliyetoa sehemu ya mchango inayofikia ngazi yake ndani ya miezi kumi na miwili, mpaka mmoja wetu ampigie kwanza simu na kumuuliza anataka nini. Wapo wanaosema niandikieni uanachama kando, nitalipa. Wapo wanaosema hapana, jina langu tu linatosha.

Simu ya kwanza ilikuwa ya kwake. Nilijiandaa nusu saa, nikaandika maneno kwenye karatasi. Alipopokea nikayasahau yote, nikasema, "Mama, nisamehe, barua ile niliituma mimi." Akanyamaza. Kisha akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia. Akasema, "Basi bado utakosea mengi," akacheka, akanipa namba ya kadi yake kwa ajili ya 1,500, taratibu, tarakimu kwa tarakimu, kana kwamba ananifundisha kuhesabu.

Nilidhani nimemaliza. Ilibaki meza yenyewe, maana meza ina watu kumi na hundi ni ya mmoja. Katika jedwali la hafla wale tisa walikuwa "Mgeni wa 2", "Mgeni wa 3", mpaka wa 10, na baadhi walikuwa na anwani za barua pepe walizoziacha ili wapate matokeo ya mnada. Msimu wa vuli niliwatumia wote barua ya uanachama iliyoanza, "Kama mfadhili wetu mpendwa". Mmoja alijibu kwa adabu kwamba hajawahi kutupa hata senti. Alialikwa na rafiki, akala, akapiga makofi. Mwingine aliuliza kama rafiki yake ndiye aliyetoa jina lake. Hilo la pili ndilo baya, kwa sababu sasa tulikuwa tumeingia kati ya marafiki wawili. Mgeni wa meza si mfadhili. Ni mtu aliyeletwa. Tunachoweza kumpa ni shukrani ya kuja na tikiti ya onyesho lijalo, basi, na kama atarudi mwenyewe ndipo mazungumzo yanaanza. Lakini yule aliyenyanyua kibao chake cha namba usiku ule wakati wa kuchangia papo hapo, ambapo hakuna anachopewa, huyo ametoa mchango mtupu, hata kama ni mgeni wa saba. Nilikuwa nimewachanganya wote. Baada tu ya hafla, watu watano walionyanyua kibao niliwaandikia kana kwamba walikula tu, na sasa nilikuwa nimewaita wafadhili wale waliokula tu.

Kosa moja la mwisho nalitaja haraka, kwa sababu nimeona limewakuta wengi. Baadhi ya watu huko huweka fedha zao za hisani kwenye akaunti inayoshikiliwa na shirika jingine la hisani. Wao wanapendekeza, shirika linatuma hundi. Nafuu ya kodi walishaipata siku walipoweka. Fedha hiyo hairuhusiwi kumrudishia aliyeipendekeza manufaa ya maana, na mamlaka ya kodi, IRS, ilieleza mwaka 2017 kwamba hata kuigawa, yaani akaunti ilipe sehemu ya mchango na yeye mfukoni alipe sehemu ya chakula, haikubaliki machoni pake. Nilipokea hundi mbili za aina hiyo kwa ajili ya tikiti, nikazipeleka benki, nikatuma tikiti. Kuzirudisha kulichukua mwezi na nusu na simu ambazo sitaki kuzikumbuka. Siku hizi nasoma hundi imetoka kwa nani kabla sijasoma ni ya shilingi ngapi, kama wasemavyo kwetu hata fedha ikiwa dola.

Mjumbe mmoja wa bodi alishtuka mwaka ule aliposoma fomu 990, taarifa ya mwaka ambayo taasisi kama zetu huipeleka IRS na ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kwenye mstari wa hafla palikuwa na hasara. Akauliza nani amekula fedha. Hakuna aliyekula: sehemu ya mchango huhamia kwenye mstari wa michango, na kwenye mstari wa hafla hubaki thamani ya chakula ikitolewa gharama za usiku mzima, taa, mapambo na wanamuziki. Kwa hiyo hafla iliyojaza ukumbi inaweza kuonekana imezama. Mhasibu alimweleza, na mimi nilikaa nyuma nikitikisa kichwa kama mtu aliyezaliwa akijua.

Mzee alistaafu. Mimi na mwenzangu wa matukio tuna desturi moja iliyobaki. Kila mwanzo wa mwezi, kabla barua za uanachama hazijatoka, nachapisha orodha kwenye karatasi na kumsomea majina kwa sauti, naye ana orodha yake ya meza, wageni, mnada na vibao. Programu mpya ingeweza kutufanyia, na inadai inatufanyia. Tunasoma vivyo hivyo, dakika thelathini, chai mkononi. Mwezi uliopita tulitoa barua tatu kwenye rundo. Moja ilikuwa ya yule mama. Safari hii meza ililipwa na mwanawe.